Anzia Chini ya Ukurasa: Jinsi ya Kuwinda Vioja katika Magazeti ya Zamani

Gazeti la zamani likikufikia mkononi, usianze na ukurasa wa kwanza. Huko kuna vita, wafalme na mikataba, na vitabu vya historia vilishachota vyote. Hata vioja vya ukurasa wa kwanza vimeshachakaa: nani hajaiona ile picha ya Rais Harry Truman wa Marekani akicheka huku ameinua juu Chicago Daily Tribune la tarehe 3 Novemba 1948, lenye kichwa cha habari kinachodai kwamba ameshindwa uchaguzi ambao ameushinda? Wewe anzia chini. Shuka hadi mwisho wa safu, penye vile vijihabari vya mistari mitatu visivyo na jina la mwandishi, halafu panda juu taratibu.

Nasema hivi kwa sababu nimekula mshahara wa kusahihisha prufu, yaani nakala za majaribio kabla ya kuchapa, kwa miaka mingi. Habari kubwa husomwa na watu watano kabla ya kwenda mtamboni: mwandishi, mhariri, mhariri wa huyo mhariri, mwanasheria, na bosi mwenye wasiwasi. Kona husomwa na mtu mmoja mwenye usingizi. Yaliyoondolewa kwingine kwa kuonekana ya kipuuzi, kwenye kona hupita salama.

Kuna sababu ya kifundi pia. Enzi za herufi za madini ya risasi, ukurasa ulijengwa kwa vipande vya madini hayo vilivyobanwa ndani ya fremu, na fremu ikiwa na pengo herufi zinamwagika. Habari ilipokuwa fupi kuliko nafasi yake, mpanga herufi hakuanza kumtafuta mhariri. Alichukua kijihabari kilichokwisha kupangwa, kilichokaa akiba tangu juma lililopita, akakichomeka. Kwa hiyo chini ya hotuba ya waziri wa fedha unakuta uzito wa moyo wa nyangumi, na chini ya taarifa ya msiba unaelekezwa namna ya kuondoa doa la wino. Hakuna aliyekusudia kuchekesha, na ndio utamu wenyewe.

Zoezi la kwanza nitakupa sasa hivi, maana halihitaji ujuzi wowote. Mashine ya Linotype, iliyotoa mstari mzima wa herufi kwa mara moja, ilianza kazi mwaka 1886 katika New York Tribune. Mpiga mashine alipokosea herufi, kurekebisha kulikuwa na usumbufu kuliko kuanza upya. Alitelezesha kidole kwenye safu mbili za kwanza za vibonye ili mstari ujae, akautoa, na mstari huo mbovu ukangoja kutupwa. Safu hizo mbili zilisomeka *etaoin shrdlu*, kwa kufuata herufi zinazotumika zaidi katika Kiingereza. Mara nyingine aliyepaswa kuutupa alisahau. Msomaji akanywa chai yake ya asubuhi akisoma kwamba marehemu ameacha mjane, watoto wanne na etaoin shrdlu. Nenda kwenye hifadhi yoyote ya mtandaoni yenye magazeti ya Kiingereza ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, andika maneno hayo mawili, bonyeza. Utakuwa na kazi ya jioni nzima. New York Times liliziaga mashine hizo Julai 1978, kwa hiyo baada ya hapo kisima kinakauka.

Pa kuyapata

Hapa sitakaa sana. Bila malipo kuna Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani, Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia, Papers Past ya New Zealand, Gallica ya Ufaransa na Delpher ya Uholanzi. British Newspaper Archive hutaka ada. Magazeti ya Kiswahili yanahitaji miguu zaidi: Msimulizi lilianza 1888 chini ya wamisionari wa Zanzibar, Mambo Leo likaanza 1923, na mara nyingi utaishia kwenye maktaba, mbele ya mashine ya mikrofilamu, yaani kurasa zilizopigwa picha ndogo kwenye utepe, inayokwaruza. Usiidharau. Mikrofilamu hukulazimisha kupita kila ukurasa, na kioja ni kitu cha kukutana nacho njiani.

Hiyo ndiyo kasoro ya kisanduku cha utafutaji: kinakupa ulichokijua tayari. Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Huchagua gazeti moja dogo, la mji ambao hakuna lolote kubwa lililowahi kutokea, na mwaka mmoja. Halafu nasoma toleo kwa toleo. Magazeti ya miji mikuu yalikuwa na watu wa kuchuja. Gazeti la mji mdogo lilikuwa na mtu mmoja aliyekuwa mhariri, mwandishi, muuza matangazo na mkusanya madeni, na hasira zake zote ziliingia humo humo. Huko Marekani katika karne ya 19 wahariri wa vijijini walikuwa wakipokea kuni, viazi na kuku kama malipo ya gazeti, na walikuwa wakiwasema wadaiwa hadharani bila aibu. Ukimsoma mhariri wa namna hiyo kwa miezi mitatu mfululizo utajua nani amemlipa kuni mbichi.

Tafuta kwa maneno yao

Ukilazimika kutumia kisanduku, sahau maneno yako. Hakuna mtu wa mwaka 1850 aliyeandika kwamba jambo fulani ni "kichekesho." Tafuta maneno ambayo vioja huvaa vinapotoka nje: dau, kupotea, zawadi kwa atakayerudisha, ndoa ya siri, mboga kubwa ajabu, nyoka wa baharini.

Kisha kumbuka kwamba aliyekusomea ni kompyuta, na macho yake ni mabovu. Katika magazeti ya Kiingereza kabla ya mwaka 1800 hivi, herufi s iliyokuwa mwanzoni au katikati ya neno iliandikwa kwa umbo refu linalofanana sana na f. Kompyuta huisoma f. Nyoka wa baharini, ambaye kwa Kiingereza ni *sea serpent*, humpati hadi uandike *fea ferpent*. Jaribu njia zote mbili. Trove huruhusu msomaji yeyote kusahihisha maandishi yaliyosomwa vibaya na mashine, na nakiri kwamba kwa mtu wa prufu mahali pale ni kama baa ya bure kwa mlevi.

Angalia na msimu. Agosti na Septemba, bunge la London likiwa mapumzikoni na wakubwa wakiwa hawapo mjini, magazeti ya Uingereza yalikaukiwa habari. Hapo ndipo nyoka wa baharini huibuka kwa wingi usio wa kawaida. Ukiwa na saa moja tu, nenda moja kwa moja kwenye majuma hayo.

Kurasa za kukaa nazo

Matangazo madogo kwanza. The Times la London lilijaza ukurasa wake wa mbele matangazo hadi Mei 1966, na ndani yake kulikuwa na safu ya watu binafsi ambayo wapenzi waliitumia kuandikiana mbele ya macho ya nchi nzima. Wengine waliandika kwa herufi za siri. Wanasayansi wawili, Charles Wheatstone na Lyon Playfair, walijiburudisha Jumapili kwa kuyafumbua mafumbo hayo. Playfair amesimulia habari ya mwanafunzi wa Oxford aliyekuwa akimpangia msichana wake watoroke. Wheatstone aliandika tangazo lake mwenyewe, kwa fumbo lile lile, akimsihi binti asifanye hivyo. Likafuata tangazo la mwisho kutoka kwa binti kwenda kwa mpenzi wake: Charlie, usiandike tena, fumbo letu limegunduliwa. Sijui riwaya inayokwisha vizuri hivyo.

Ukikuta safu kama hii, usisome tangazo moja ukaondoka. Mwandike mtu huyo pembeni, kisha mfuate toleo la kesho, la keshokutwa, la juma lijalo. Kioja cha matangazo madogo hukamilika kwa kufuatilia. Mtu anatangaza kupotelewa na mbwa, siku tatu baadaye anaongeza zawadi, juma moja baadaye anauza kibanda cha mbwa.

Matangazo ya dawa yana sheria yake: soma sentensi ya mwisho kwanza. Wauza dawa za karne ya 19 walijua kwamba watu hulikwepa tangazo, wakaliandika kama habari. Inaanza na ajali ya meli au baba mwenye nyumba aliyekata tamaa, inakwenda vizuri, machozi yanakulenga, na mstari wa mwisho ni vidonge vya ini. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1912 iliyotaka maandishi ya kulipiwa ya namna hiyo yawekewe alama kwamba ni tangazo. Ukisoma gazeti la kabla ya hapo, usimwamini mgonjwa yeyote aliyepona ghafla.

Safu za maswali nazipenda kuliko zote. Si jambo jipya hata kidogo: John Dunton wa London alianzisha mwaka 1691 karatasi iliyojibu maswali ya wasomaji wasiojitaja, kuanzia mambo ya roho na nyota hadi mapenzi. Maswali husema zaidi kuliko majibu. Jibu linakuonyesha jinsi mhariri alivyotaka kuonekana. Swali linakuonyesha mtu asiyelala usiku. Katika magazeti mengine mhariri alijibu bila kulichapa swali lenyewe, kwa kuwa muulizaji alilijua, na wewe unabaki na jibu linaloning'inia: "Hapana, na kama ni mjomba wako basi hapana kabisa." Hiyo nimeitunga kukupa ladha, lakini za kweli ziko hivyo hivyo.

Magazeti ya vipande vipande, yaani yale yaliyouza vioja kama biashara, yapitie kwa uangalifu. Kinara wake ni Tit-Bits, aliloanzisha George Newnes huko Uingereza mwaka 1881 kwa kukusanya mambo matamu kutoka kwingine. Yaliyochapwa humo yameshachujwa, kwa hiyo hayana ule utamu wa ajali. Ila matangazo yake ya kujinadi ni kioja tosha. Katika miaka ya 1880 liliahidi pauni 100 kwa familia ya msomaji atakayekufa katika ajali ya treni akiwa na nakala ya Tit-Bits mwilini. Fikiria karani akipapasa mifuko ya maiti.

Mwisho, na hapa kaa: tafuta gazeti likila matapishi yake. Hili linataka subira kwa sababu kati ya kutapika na kula hupita miaka. Januari 1920 New York Times lilimdhihaki Robert Goddard, mtafiti wa roketi, kwa kudhani roketi inaweza kusukuma mahali pasipo na hewa, likasema amekosa elimu inayogawiwa kila siku katika shule za sekondari. Tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini, gazeti likachapa sahihisho na kusema linajuta kwa kosa hilo. Goddard alikuwa ameshakufa tangu 1945. Gazeti hilo hilo mwaka 1924 liliufyonya mchezo wa fumbo la maneno, ambao Arthur Wynne aliuanzisha katika New York World mnamo Desemba 1913, likauita upotezaji wa muda. Mwaka 1942 likaanza kuchapa wake. Njia ni rahisi: ukikuta mhariri ameapa kwamba jambo fulani halitadumu, andika jina la jambo hilo na ulitafute katika gazeti lile lile miaka kumi, ishirini, hamsini mbele.

Kabla ya kucheka, thibitisha

Shemeji yangu, ambaye nampenda, hunitumia kwa simu vipande vya magazeti ya zamani karibu kila asubuhi. Namuuliza maswali matatu: gazeti gani, tarehe gani, ukurasa wa ngapi? Akikosa majibu simrudishii hata kikaragosi cha kucheka. Siku hizi kuna programu zinazokutengenezea kipande cha gazeti chenye manjano na mikunjo kwa sekunde chache, na kipande kisicho na tarehe ni mtoto asiyejulikana kwao.

Lakini hata lililo halisi hudanganya. Agosti 1835 The Sun la New York lilichapa mfululizo wa makala kwamba mwanafalaki John Herschel ameona mwezini viumbe wenye mabawa ya popo na mabuku wa maji, ambao kwa Kiingereza ni *beaver*, wanaotembea kwa miguu miwili. Lilidai limeyatoa katika jarida la kisayansi la Edinburgh. Jarida hilo lilikuwa limeshakufa, na Herschel mwenyewe alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, mbali na barua yoyote ya haraka. Kwa hiyo gazeti likitaja chanzo cha mbali, kitafute chanzo hicho. Ukikuta hakipo, umepata kioja kikubwa kuliko ulichokuwa nacho.

Soma mpaka mwisho, tena mpaka nukta ya mwisho. Tarehe 9 Novemba 1874 New York Herald lilisimulia kwa kirefu jinsi wanyama walivyotoroka katika bustani ya Central Park na kurarua watu mitaani. Aya ya mwisho ilisema yote hayo ni ya kutunga. Wengi hawakufika huko.

Tazama tarehe. Kama ni 1 Aprili, jihadhari. The Guardian liliwapa wasomaji wake siku hiyo mwaka 1977 kurasa saba kuhusu visiwa vya San Serriffe, vyenye umbo la alama ya nukta-mkato, mji mkuu ukiitwa Bodoni na mtawala akiitwa Jenerali Pica. Bodoni ni aina ya herufi, pica ni kipimo cha wachapaji. Sisi wa prufu tulicheka kabla ya wengine, na tunaomba sifa hiyo tuachiwe. Tarehe pia huteleza zenyewe nchi ikibadilisha kalenda: Uingereza ilitoka 2 Septemba 1752 ikaamkia tarehe 14, na Urusi ilitoka 31 Januari 1918 ikaamkia 14 Februari. Usije ukadhani umegundua gazeti lililopotea.

Tatizo kubwa zaidi ni kunakili. Sheria ya posta ya Marekani ya 1792 iliwaruhusu wachapaji kutumiana magazeti bila kulipia, na kila mhariri aliketi na mkasi wake akikata ya wenzake. Kisa kilichomtokea mkulima wa mji mmoja kilihamia mji wa pili na mkulima mwingine, na kufika mwisho wa mwaka kilikuwa kimewatokea wakulima wa nusu ya nchi. Kwa hiyo chukua maneno matano au sita yasiyo ya kawaida kutoka kwenye kisa chako, yaweke ndani ya alama za kunukuu, tafuta, na upange matokeo kuanzia la zamani zaidi. Ukilipata la kwanza, bado usiseme ndilo la kwanza. Sema ni la mapema zaidi uliloliona. Kisha ziweke nakala zote kwa mpangilio uone jinsi kisa kilivyonenepa. Punda wa toleo la kwanza huweza kuwa farasi wa mbio katika la nne.

Karatasi yenyewe

Kama unashika gazeti halisi, jua kwamba umri si kipimo. La mwaka 1790 laweza kuwa imara kuliko la 1920, kwa kuwa karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara, na kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vikahamia kwenye massa ya mti, ambayo hugeuka manjano na kuvunjika. Mikono mikavu. Usilambe kidole. Penseli tu, wino usikaribie. Usitumie gundi ya utepe hata kama mpasuko unakuuma rohoni. Piga picha ukiwa juu ya ukurasa moja kwa moja, bila taa ya kamera, ukurasa mzima kwanza, kisha kipande.

Ukurasa mzima una sababu. Mara nyingi kioja ni ujirani: tangazo la jeneza limekaa ubavuni mwa tangazo la dawa ya nguvu. Ukikata kipande peke yake, umeua mzaha.

Kuandika na kusimulia

Andika jina la gazeti, tarehe, ukurasa na safu kabla ya kuandika kisa, maana baada ya kucheka utasahau. Nakili tahajia kama ilivyo, pamoja na makosa. Ukisimulia, simulia kwa uso mkavu na kwa ufupi. Mwalimu wa jambo hili ni Félix Fénéon, ambaye mwaka 1906 aliandika katika Le Matin la Paris habari za mistari mitatu bila kuweka jina lake: ajali, ugomvi, wizi, kila kimoja sentensi moja au mbili, bila kucheka, bila kulia. Ukiona unataka kuongeza alama ya mshangao, kisa chako bado hakijawa tayari.

Na chagua wa kumcheka. Kurasa za vichekesho za zamani zimejaa dharau kwa wanawake, watumishi, walemavu na watu waliotawaliwa. Ukikutana nayo, iandike kama ushahidi wa gazeti, usiipitishe kama mzaha wako. Mhariri, muuza dawa, mtabiri na mshairi mbaya wacheke utakavyo, walijitokeza wenyewe. Mtu wa kawaida aliyeandikwa siku aliyolewa, mfiche jina, hata kama amekufa zamani. Wajukuu zake wanatumia kisanduku kile kile cha utafutaji unachokitumia wewe.